Kura Isiyoandikwa: Rashidi Mfaume Kawawa wa Songea na Miswada ya Taifa, 1957–1977

Mbunge wa Uingereza au wa Marekani huweza kupimwa kwa kura zake, maana katika nchi hizo mswada mkubwa unapoamuliwa, majina ya waliokubali na ya waliokataa huandikwa, na mwandishi wa historia hana ila kufungua kitabu na kuhesabu. Katika Bunge la Tanganyika, na baadaye la Tanzania, kazi hii si rahisi hivyo. Mara nyingi Spika aliuliza, Wabunge wakaitikia kwa sauti, na mswada ukapita. Isitoshe, tangu uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilikuwa na viti 70 kati ya 71, na katika hivyo, Wabunge 58 waliingia bila ya kupingwa na mtu. Ubishi wa kweli, kila ulipokuwapo, ulifanyika zaidi katika mikutano ya chama kabla ya Wabunge kuingia katika Ukumbi wa Karimjee, na mambo ya mikutano ile hayakupigwa chapa.

Basi itafaa kitu gani badala ya hesabu ya kura? Kwa mtu aliyekuwa upande wa Serikali kipo kipimo kingine, nacho ni kuitazama miswada iliyopita mikononi mwake, kisha kuuliza kila mswada ulimwondolea nini yeye mwenyewe, au ulibomoa nini katika kazi aliyokuwa ameijenga. Kipimo hiki hakimfai kila mtu, lakini kwa Rashidi Mfaume Kawawa chafaa sana, kwa kuwa ni watu wachache katika Afrika ya Mashariki ambao waliletewa na kazi yao ya kutunga sheria mithili ya mara nne au tano wavunje walichokijenga.

Kawawa alizaliwa mwaka wa 1926 katika kijiji cha Matimira, wilaya ya Songea. Yafaa kukumbuka kuwa ni mwaka ule ule, mwezi wa Desemba, ambapo Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikaa kwa mara ya kwanza, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka wa 1945. Songea ya siku hizo ilikuwa bado na kovu la Vita vya Maji Maji. Hapo mjini, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walimnyonga Nkosi Mputa wa Njelu pamoja na wakuu wengi wa Wangoni, na mji wenyewe ulichukua jina la nduna Songea Mbano, ambaye naye alinyongwa mwaka huo. Wazee waliomlea mtoto yeyote wa nchi ile katika miaka ya 1920 walikuwa wameyaona mambo hayo kwa macho yao.

Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo, na kazi hiyo iliihamisha jamaa kutoka Songea kwenda upande wa Liwale. Huko ndiko Rashidi alikoanza shule, kisha akaenda Dar es Salaam, na mwisho Shule ya Serikali ya Tabora. Njia ya kwenda Makerere ilikuwa wazi, lakini hakuifuata. Alikuwa mkubwa wa ndugu zake, na wadogo walihitaji ada. Akashika kazi ya ukarani Serikalini. Kutoka hapo alihamia Idara ya Maendeleo ya Jamii, iliyokuwa ikizunguka na magari ya sinema vijijini, naye akaigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa miaka hiyo, miongoni mwao *Muhogo Mchungu* na *Chalo Amerudi*. Jambo hili husimuliwa kwa kawaida kama kichekesho, kwamba Waziri Mkuu wa kesho alikuwa mchezaji wa sinema. Lakini lilimpa kitu ambacho wanasiasa wengi wa rika lake hawakuwa nacho: watu wa vijijini walimjua kwa sura kabla hawajamjua kwa siasa, naye alizoea kusema nao kwa Kiswahili chepesi kisicho cha ofisini.

Siasa aliingia kwa mlango wa wafanya kazi. Watumishi wa Serikali walikatazwa kujiunga na TANU, kwa hiyo yeye alikiongoza chama chao, TAGSA. Mwaka wa 1955, vyama vya wafanya kazi vilipounganishwa katika shirikisho moja, lililojulikana kwa herufi za TFL, Kawawa akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka wa 1956 aliacha kazi ya Serikali, akaingia TANU waziwazi. Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya migomo. Mwezi wa Desemba 1956 waligoma watumishi wa nyumbani na wa mahoteli mjini Dar es Salaam; mwaka wa 1958 waligoma wafanya kazi wa mkonge wa Mazinde. Nguvu ya TFL haikuwa fedha, maana haikuwa nazo, bali uwezo wa kuwaambia watu wasimamishe kazi, nao wakasimamisha. Jambo hili msomaji alishike, kwa kuwa ndilo litakalorudi baadaye.

Mwaka wa 1957 Gavana Twining aliwateua Julius Nyerere na Kawawa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Nyerere alijiuzulu mwezi wa Desemba mwaka huo huo, alipoona kwamba kila alilolitaka limekataliwa. Katika Baraza lile wajumbe wa Serikali ndio waliokuwa wengi, na kura ya Mwafrika ilikuwa ya kuonyesha msimamo tu. Kwa Kawawa faida yake ilikuwa kujifunza kazi: jinsi mswada unavyosomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na jinsi kifungu kinavyobadilishwa katika kamati. Elimu hiyo aliitumia sana siku zilipogeuka.

Ziligeuka upesi. Mwezi wa Septemba 1960 alikuwa Waziri wa Serikali za Mitaa na Nyumba. Mwezi wa Oktoba 1961 Bunge lilijadili mswada wa uraia, ambao uliruhusu watu wa rangi zote kuwa raia wa Tanganyika kwa masharti yaliyo sawa. Waliousema vibaya kwa ukali walikuwa watu wa TANU wenyewe, na baadhi yao walitoka katika vyama vya wafanya kazi, yaani nyumbani kwa Kawawa. Yeye alibaki upande wa Nyerere. Huu ulikuwa mtihani wa kwanza wa kuchagua kati ya wenzake wa zamani na Serikali, na jibu alilolitoa hapo halikubadilika tena.

Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 baada ya Uhuru, Nyerere aliacha kiti cha Waziri Mkuu ili akijenge chama, na Kawawa akakikalia. Wengi walidhani ni mtu wa kushika mahali tu. Kwa muda wa miezi 10 na zaidi, lakini, Bunge chini yake lilipitisha sheria ambazo zilitengeneza umbo la dola kwa miaka 30 iliyofuata.

Ya kwanza ilikuwa Jamhuri. Serikali ilitoa mapendekezo yake katika waraka, na mwezi wa Juni 1962 Kawawa aliyaeleza mbele ya Bunge: Malkia asiwe tena mkuu wa nchi, Gavana Mkuu aondoke, na pawe na Rais mmoja mwenye mamlaka ya utendaji, asiyefungwa na ushauri wa mawaziri. Katika mpango huo hapakuwa na Waziri Mkuu. Mtu aliyeuleta mpango alikuwa anaomba Bunge likifute kiti alichokalia. Tarehe 9 Desemba 1962 kiti hicho kilifutwa kweli, na Kawawa akawa Makamu wa Rais. Haikuwa hasara kubwa kwake kwa cheo, lakini ilikuwa badiliko kubwa kwa nchi: kuanzia siku hiyo hapakuwa na mkuu wa Serikali ambaye Bunge lingeweza kumwondoa kwa kura. Kesho yake, tarehe 10 Desemba, Rais Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, jambo lililokuwa geni katika ukumbi uliozoea Kiingereza.

Ya pili ni ile inayouma zaidi. Katikati ya mwaka wa 1962 Bunge lilipokea miswada mitatu ya kazi. Mmoja uliweka njia ya kusuluhisha magomvi ya kazini kwa hatua nyingi, kuanzia ofisa wa kazi hata baraza la uamuzi, kiasi kwamba mgomo wa halali ulikuwa karibu hauwezekani. Wa pili uliviweka vyama vyote chini ya shirikisho moja lililotambuliwa na Serikali, likapewa na haki ya kukatiwa ada katika mishahara. Wa tatu uliwahusu watumishi wa Serikali na kuwatoa wakubwa wao katika vyama. Waziri wa Kazi alikuwa Michael Kamaliza, naye pia mtu wa TFL. Kwa hiyo miswada iliyoondoa silaha ya mgomo ililetwa na Serikali iliyoongozwa na Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, na kutetewa na mwenzake wa shirikisho lile lile.

Yapo maneno ya kumtetea, wala si mepesi. Watu wa mishahara wakati huo walikuwa 400,000 hivi, katika nchi ya watu wapatao milioni 9 au 10. Waliobaki walikuwa wakulima ambao hawakuwa na mtu wa kugoma dhidi yake. Serikali ilisema kwamba mshahara ukipandishwa kwa nguvu ya mgomo, atakayelipa ni mkulima. Tena Kawawa hakuwahi kukitazama chama cha wafanya kazi kama kitu cha mishahara peke yake. Toka mwanzo kwake kilikuwa mkono mmoja wa harakati za Uhuru, na Uhuru ulipopatikana, mkono ulitakiwa ufanye kazi ya mwili. Haya yote ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba makuli, mayaya na wakata mkonge walioinua TFL mwaka wa 1956 hadi 1958 hawakugoma ili siku moja kiongozi wao aamue kwa niaba yao kwamba migomo sasa basi. Waliokataa waliona matokeo yake. Victor Mkello, aliyekuwa Rais wa TFL na kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa mashambani, alihamishwa kwa amri Januari 1963, akapelekwa Sumbawanga. Kasanga Tumbo wa chama cha reli aliacha ubalozi wa London, akaanzisha chama cha upinzani, na mwanzoni mwa 1964 akawekwa kizuizini.

Kizuizi chenyewe kilikuwa na sheria yake, nayo ni ya mwaka huo huo wa 1962. Iliruhusu mtu kuwekwa ndani bila ya mashtaka, na mahakama hazikupewa nafasi ya kuichunguza amri hiyo. Viongozi walisema kwamba nchi changa haina polisi wa kutosha wala wapelelezi. Tume ya Jaji Nyalali ilipotoa taarifa yake miaka 30 baadaye, sheria hiyo ilikuwa miongoni mwa zile 40 zilizotajwa kuwa hazifai kubaki kama zilivyo.

Machifu waliondolewa madaraka kuanzia Januari 1963. Kwa Songea maana yake ilikuwa kwamba tawala mbili za Wangoni, Njelu na Mshope, ambazo Waingereza walizirudishia sura ya utawala, zilibaki heshima tu. Makelele hayakuwa makubwa.

Asi ya askari wa Januari 1964 iliharakisha yaliyobaki. Viongozi wa vyama vya wafanya kazi wapatao 200 walikamatwa, na mwezi wa Februari Bunge lilipitisha sheria ya kuivunja TFL na kuunda NUTA, chama kimoja kilichofungamana na TANU, ambacho Katibu Mkuu wake alikuwa Kamaliza huku akiendelea kuwa Waziri wa Kazi. Shirikisho ambalo Kawawa aliliandikia barua zake za kwanza mwaka wa 1955 halikufikisha miaka 9.

Mwezi wa Aprili ukaja Muungano. Hati zilitiwa sahihi tarehe 22, na tarehe 25 Bunge la Tanganyika liliitwa likazithibitisha kwa siku moja. Kawawa akawa Makamu wa Pili wa Rais na kiongozi wa shughuli za Serikali katika Bunge.

Kabla ya hayo, Januari 1964, alikuwa amepewa uenyekiti wa Tume ya Rais ya kutengeneza mfumo wa chama kimoja wa kidemokrasi. Tume haikuulizwa kama chama kimoja kinafaa. Hilo lilikwisha kuamuliwa na TANU. Iliulizwa namna tu. Ilizunguka mikoani, ikapokea maoni ya watu, na taarifa yake ya mwaka wa 1965 inastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba Kawawa alikuwa mtu wa kuitikia peke yake. Ndani yake mna pendekezo kwamba kila jimbo liwe na wagombea wawili wa TANU, ili raia awe na mtu wa kumchagua na mtu wa kumkataa. Mna pendekezo la Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kusikiliza malalamiko dhidi ya wenye vyeo. Mna pia kukataliwa kwa orodha ya haki za binadamu katika katiba, kwa hoja kwamba ingeifunga Serikali mikono na kuwapa majaji kazi ya siasa. Orodha hiyo haikuingia mpaka mwaka wa 1984. Katiba ya muda ilipitishwa Julai 1965. Katika uchaguzi wa Septemba, chini ya alama za jembe na nyumba, wapiga kura walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Kwa chombo kilichobuniwa na tume, kilikata zaidi ya vile wengi walivyotazamia.

Oktoba 1966 Kawawa alileta mpango wa kuwalazimisha wahitimu wa Chuo Kikuu na wengine kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, wakipokea sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 ya mwezi huo, na karibu 400 kati yao walifukuzwa. Kwa mtu aliyeiacha Makerere ili asomeshe wadogo zake, malalamiko ya vijana juu ya mishahara hayakuwa na sikio la kuyasikia. Huenda alikosea kuwapima wote kwa kipimo chake.

Januari 1967 ndiye aliyetangaza kwamba shughuli zote za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Hapa kwa mara moja kazi ya Bunge na kazi ya yule kijana wa magari ya sinema zilikwenda njia moja. Ila ipo kasoro ya kutajwa: mijadala ilifanywa kwa Kiswahili, lakini miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na Mbunge wa kijijini alitakiwa kukubali au kukataa maandishi ambayo pengine hakuweza kuyasoma. Sheria ya kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria ilipitishwa mwaka wa 2021.

Februari 1972 cheo cha Waziri Mkuu kilirudishwa, na Kawawa akarudi katika kiti alichokifuta. Mwaka huo ulikuja mpango wa madaraka mikoani, ambao, licha ya jina lake, ulizifuta halmashauri za wilaya na kuweka kazi zao chini ya maofisa waliosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Waziri wa Serikali za Mitaa wa mwaka wa 1960 akawa Waziri Mkuu wa kuzifunga serikali hizo. Halmashauri nyingi zilikuwa hoi kwa fedha, hasa tangu kodi zao zilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo zilikuwa mahali pekee ambapo mtu wa wilayani aliweza kumwuliza diwani wake habari za zahanati na barabara.

Mwaka wa 1973 Bunge lilifanya jambo lisilo la kawaida. Liliukataa mswada wa Serikali wa kodi ya mapato. Rais alionya kwamba angelivunja Bunge, na mswada ukapita kabla mwaka haujaisha. Kwa kiongozi wa shughuli za Serikali hiyo ilikuwa aibu ya nadra, na kwa mwenye kutafuta kura zilizohesabika, ni ushahidi kwamba sauti za ukumbini hazikuwa za kuitikia sikuzote. Mwaka wa 1975 katiba ilibadilishwa ili kueleza wazi kwamba chama ndicho kishikacho hatamu, na ubishi wa namna ile haukupata tena mlango mpana.

La mwisho linarudi Songea. Tangu mwaka wa 1936 wakulima wa tumbaku wa huko walikuwa na chama chao cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kimoja cha vyama vya kale vya ushirika katika Tanganyika. Kilijenga ofisi na maghala, na kilisomesha watoto wa wakulima. Mwezi wa Mei 1976 Serikali iliyoongozwa na Kawawa ilivivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na mazao yakapelekwa kwa mamlaka za Serikali. Sababu zilizotolewa, wizi na usimamizi mbovu, zilikuwa na ukweli katika vyama vingi, lakini amri haikuchagua. Mkulima wa Matimira alipoteza chombo chake kwa sababu ya makosa ambayo huenda yalifanyika Mwanza.

Kawawa aliacha uwaziri mkuu Februari 1977. Mwaka wa 1982 Bunge lilipitisha sheria za kuzirudisha serikali za mitaa na vyama vya ushirika, na mwaka wa 1984 Nyerere alikiri hadharani kwamba kuviondoa viwili hivyo kulikuwa kosa. Katika mwaka ule wa 1982 Kawawa alikuwa ameshika cheo cha Katibu Mkuu wa CCM, na sheria za kuyajenga upya yale yaliyovunjwa zilitekelezwa chini ya chama alichokisimamia hadi mwaka wa 1990. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale.